Tusiwafundishe watoto wa nchi kame kilimo cha nchi ya mvua

Msafiri aliyepata kuifuata barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Mombasa hakosi kuufahamu mji wa Mtito Andei. Hapo ndipo safari hugawanyika takriban nusu kwa nusu. Mabasi na malori husimama, abiria wakanyoosha miguu na kunywa chai, kisha safari ikaendelea. Jina la mji huo lina asili ya Kikamba, nalo hufasiriwa kuwa ni msitu wa tumbusi. Upande mmoja iko Mbuga ya Tsavo Magharibi. Upande wa pili yako mashamba ya wenyeji, ambayo hustawi mwaka mmoja na kukauka mwaka unaofuata.

Abiria huyo akiwa na nafasi ya kuingia sokoni ataona jambo ambalo wenyeji wamelizoea hata halimshangazi mtu. Sukuma wiki, kabeji na nyanya nyingi zinazouzwa pale zimeletwa kwa magari kutoka maeneo yenye mito na mvua za kutosha. Zinapofika zimekwisha kunyauka, na bei yake imebeba nauli ya masafa marefu. Ukimuuliza mwenyeji kwa nini asipande fungu moja nyuma ya jikoni lake, atakujibu kwa upole kwamba huku hakuna maji. Jibu hilo ni la kweli, lakini si kweli yote, na nusu iliyosalia ndiyo ninayotaka kuizungumzia leo. Ninawaomba walimu na wanafunzi wanisikilize zaidi ya wengine, kwa sababu nusu hiyo imo mikononi mwao.

Miaka michache iliyopita nilialikwa katika shule moja ya msingi ya sehemu hizo ili nizungumze na wanafunzi juu ya lugha. Baada ya mazungumzo, mwalimu alinitembeza uani. Nyuma ya madarasa niliona matuta mawili ya mboga yaliyojengwa kwa ustadi mkubwa. Yalikuwa yameinuka kiasi cha goti la mtoto, yamezungushiwa mawe yaliyopangwa sawasawa, na udongo wake ulikuwa umesawazishwa kama kitanda kilichotandikwa. Kila mwanafunzi alikuwa akija na kimtungi cha lita tano kutoka nyumbani ili kuyamwagilia. Hata hivyo, juu ya matuta yale palikuwa na miche michache ya sukuma wiki iliyosinyaa, na udongo ulikuwa umepasuka. Mwalimu alitikisa kichwa akasema, "Daktari, udongo wa huku haukubali mboga." Wanafunzi waliokuwa wakitufuata waliitikia kwa vichwa vyao.

Sikumlaumu mwalimu yule, kwani kosa lake nilikuwa nimekwisha kulifanya mimi mwenyewe. Niliporudi nyumbani likizo moja, nilimjengea mama yangu tuta la namna hiyohiyo kwa kufuata kijitabu cha maelezo nilichokuwa nimekinunua mjini. Nilipima, nikachimba, nikainua, nikapanga mawe. Mama alikaa kivulini akitazama bila kunena neno. Juma la tatu mboga zilipoanza kukauka, aliniita akaniuliza: "Mwanangu, maji hupanda au hushuka?" Nikamjibu kwamba hushuka. "Basi mbona mboga umezipandisha juu na maji umeyaacha yateremke?" Nina shahada ya uzamifu, lakini swali lile sikuwa na jibu lake.

Tuzingatie kwanza sababu ya kuwako kwa tuta. Tuta la mboga huinuliwa ili maji ya ziada yatoke. Katika nchi yenye mvua nyingi, au katika udongo mzito unaotuamisha maji, mizizi hukosa hewa na kuoza. Mkulima akiinua udongo huwa ameiokoa mizizi isizame. Kwa hiyo tuta ni dawa nzuri sana ya maradhi ya maji mengi. Mkulima wa nyanda za Kano au wa Budalang'i, ambako mito hufurika, ana haki ya kulisifu. Hata huku kwetu, palipo na udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata wakati wa mvua, tuta la kimo cha wastani lina kazi yake.

Lakini maradhi ya Mtito Andei si maji mengi. Ukambani wa chini hupata misimu miwili ya mvua, ule wa Machi hadi Mei na ule wa Oktoba hadi Desemba, na wakulima hutegemea zaidi huo wa mwisho. Baina ya misimu hiyo jua huweza kuvukiza maji mara kadhaa ya kiasi kinacholetwa na mvua. Tena mvua yenyewe haina ahadi. Kati ya mwishoni mwa mwaka 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha katika sehemu kubwa ya nchi kame za Pembe ya Afrika. Kisha mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko. Katika nchi kama hiyo, kumpa mkulima dawa ya kuondoa maji ni sawa na kumpa mwenye kiu kitambaa cha kujifutia midomo.

Hesabu ndogo yatosha kulithibitisha jambo hili, na mwalimu wa hisabati anaweza kuifanya pamoja na wanafunzi wake. Chukua tuta lenye upana wa mita moja na urefu wa mita tatu. Uso wake wa juu ni mita tatu za mraba. Ukiliinua kwa sentimita 30, unapata kando nne zenye jumla ya mita 2.4 za mraba. Kwa maneno mengine, eneo linalopigwa na jua na upepo limekaribia kuongezeka maradufu, ilhali mboga hazikuongezeka hata moja. Mawe nayo hupata moto mchana kutwa na kuupitisha kwenye udongo. Mtoto aliyeleta lita tano amezigawa kwa mimea na kwa upepo, na upepo ndio uliopata fungu kubwa.

Hapa naomba niruhusiwe kuingia katika taaluma yangu kidogo. Neno "tuta" ni la kawaida mno. Hata dereva wa lori analijua, maana matuta ya barabarani humlazimisha apunguze mwendo. Maana yake ni kitu kilichoinuka. Mwanafunzi anapoambiwa "tengeneza tuta", mikono yake humjibu kwa kuinua udongo kabla akili haijauliza swali. Je, kinyume cha tuta ni nini? Nimewauliza wanafunzi wangu wa chuo kikuu, na wengi walinijibu kwa neno "shimo". Lakini shimo katika masikio yetu ni mahali pa kutupia taka, au pa kuangukia. Ni nani atakayejivunia kumwonyesha mkaguzi wa shule shimo la mboga?

Sisemi kwamba lugha huzifunga akili za watu. Hoja hiyo imetiliwa chumvi na wengi. Ninalosema ni kwamba jambo lisilokuwa na jina shuleni halifundishwi, halitahiniwi, wala halihesabiwi kuwa maarifa. Mama yangu alikuwa na maarifa yale, ila hayakuwamo kitabuni.

Na tukitafuta vizuri, jina lipo. Katika sehemu za Shinyanga, Mwanza na Tabora nchini Tanzania, ambako mvua pia si ya kutegemewa, wakulima hupanda mpunga katika majaruba. Jaruba ni kipande cha ardhi kilichosawazishwa na kuzungushiwa kingo za udongo ili maji ya mvua yaingie na kutulia. Neno hilo ni la Kiswahili na maana yake inajulikana. Nasi hatuna haja ya kuomba ruhusa ili tulitumie kwa fungu la mboga lililoshushwa chini ya usawa wa ardhi na kuzungushiwa ukingo. Tuta huyafukuza maji, jaruba huyakaribisha. Mwanafunzi akiyaelewa maneno hayo mawili, amelielewa somo zima.

Isitoshe, Ukambani hauna sababu ya kuona haya katika jambo hili. Ulimwengu mzima wa wataalamu wa hifadhi ya udongo unatumia maneno mawili ya Kiswahili, hata wanapoandika kwa Kiingereza: "fanya juu" na "fanya chini". Katika fanya juu, mkulima huchimba mtaro unaokingama mteremko, kisha hutupa udongo upande wa juu, na baada ya miaka kadhaa shamba hugeuka kuwa ngazi. Watu hukumbuka neno "juu" na kusahau kwamba kazi huanza kwa kuchimba chini, mahali ambapo maji huzuiliwa. Kazi ya matuta ya kuzuia mmomonyoko ilichukiwa ilipolazimishwa na wakoloni. Baada ya uhuru, watu wenyewe waliifanya kwa hiari katika vikundi vya mwethya. Mwaka 1994, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu juu ya eneo la Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi ilipofanywa wilaya mwaka 1992. Walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu iliongezeka mara tano hivi, na bado mmomonyoko wa udongo ukapungua. Watu waliofanya kazi hiyo hawawezi kushindwa na fungu la mboga la mita tatu.

Sasa jaruba la nyumbani hujengwaje? Pima mstatili wa mita moja kwa mita tatu karibu na jikoni, mahali ambapo mbuzi na kuku wanaweza kuonekana na kufukuzwa. Upana usizidi mita moja, ili mtu aweze kufika katikati kwa mkono bila kukanyaga ndani. Chimba sentimita 20 za mwanzo na uweke udongo huo upande mmoja, maana ndio wenye rutuba. Chimba sentimita 25 nyingine na uweke udongo wake upande wa pili. Tandaza chini nyasi kavu au mabua ya mahindi, uyakanyage mpaka yabaki kimo cha sentimita 10 hivi. Changanya udongo ule wa juu na madebe saba au manane ya samadi iliyooza vizuri, kisha urudishe mchanganyiko huo. Utaona kwamba uso wa bustani umebaki chini ya usawa wa ardhi kwa kiasi cha sentimita 10. Usijaribu kuujaza, kwa kuwa hapo ndipo penye siri yake. Udongo wa chini uliosalia ugeuze kuwa ukingo wa kuzunguka pande zote, na uushindilie.

Mambo mawili yasisahauliwe. La kwanza ni kwamba uso wa ndani uwe sawa kabisa, kwani ukiinama maji yatakusanyika pembeni na mimea ya upande wa pili itakufa. La pili ni kwamba upande ulio chini kidogo ukatwe mdomo mdogo na kuzibwa kwa jiwe. Siku ikinyesha mvua ya kishindo, kama ile ya mwishoni mwa 2023, jiwe huondolewa na maji ya ziada hutoka. Kwa namna hii jaruba hujikinga na hatari ileile ambayo tuta liliumbwa kuikinga.

Umwagiliaji nao una adabu yake. Mimea ya eneo la mita tatu za mraba, katika joto la huku, yatosheka na lita 20 hivi kwa siku, yaani mtungi mmoja, iwapo udongo umefunikwa kwa nyasi kavu. Bila nyasi hizo, mtungi huo hautoshi. Maji yamwagwe machweo au alfajiri, shinani mwa mmea na si juu ya majani. Kabla ya kumwagilia, tia kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, ahirisha hadi kesho. Watoto wengi humwagilia kila siku maji kidogo yanayolowesha uso tu; mizizi huyafuata maji hayo juu, nako juu ndiko kwenye moto. Ni bora kumwagilia kwa wingi mara chache kuliko kurashia kila saa.

Iko pia njia ya kale, ambayo imeelezwa katika maandishi ya kilimo ya China ya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita: kufukia chungu cha udongo hadi shingoni, kukijaza maji na kukifunika. Chungu kisichopakwa rangi huvuja polepole kwa kadiri mizizi inavyofyonza. Miche hupandwa umbali wa shibiri moja kukizunguka. Ukambani una wafinyanzi wake, na huenda kazi hii ikawapa soko jipya wakati huu ambapo sufuria zimewanyang'anya jikoni. Maji yaliyooshea mboga na mikono yasimwagwe barabarani. Yenye sabuni yapewe miti ya matunda, au yapishane na maji safi, wala yasiguse majani yatakayoliwa mabichi. Na kwa kuwa visima vingi vya maeneo haya vina chumvi, maji ya mvua ndiyo yapewe heshima ya kwanza.

Je, maji ya mvua yatatoka wapi? Yanatoka juu ya vichwa vyetu. Mvua ya milimita moja ikinyesha kwenye mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Paa la mabati la mita 40 za mraba, likipata mvua ya milimita 50 tu, hupokea lita 2,000. Tuseme sehemu moja ya tano imepotea. Zitabaki lita 1,600, ambazo zalitosha jaruba letu kwa siku 80. Mchicha huchumwa kabla ya nusu ya muda huo kupita, na sukuma wiki huanza kuchumwa pia. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba hakiwezi kujaa iwapo hakuna anayekitega.

Huenda msomaji akaniambia kwamba ninawaondolea wakuu wa serikali mzigo wao na kuwatwika watoto. Hoja hiyo ni nzito na sitaki kuikwepa. Milima ya Chyulu inaonekana kutoka sehemu hizi. Maji ya mvua inayoinyeshea hupita chini ya miamba ya volkeno na kuibuka katika chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi. Tangu miaka ya 1950 maji ya Mzima yamekuwa yakipelekwa kwa bomba hadi Mombasa. Ni haki ya watu wa Mombasa kunywa. Ni haki pia ya mama wa Mtito Andei kuuliza kwa nini yeye hununua maji kwa mtungi. Swali hilo lazima liendelee kuulizwa kwa sauti, na jaruba haliwezi kuwa jibu lake. Lakini mtoto anayehitaji mboga juma hili hawezi kula ahadi ya bomba.

Fauka ya hayo, tukumbuke ni nani abebaye mtungi. Mara nyingi ni mama na binti. Kila lita inayopotezwa juu ya tuta la mawe ilibebwa na mgongo wa mtu, na saa iliyotumika kuifuata kisimani aghalabu ni saa iliyotolewa katika masomo ya msichana. Kumfundisha mwanafunzi kujenga bustani inayonyonya maji bila sababu ni kumwongezea dada yake safari.

Lakini hasara inayonisumbua zaidi ni ile niliyoiona katika vichwa vya wanafunzi wale walioitikia kauli ya mwalimu wao. Walikuwa wamefuata maagizo yote, wakabeba maji, wakashindwa. Kwa kuwa kitabu cha shule hakidhaniwi kukosea, walihukumu kwamba aliyekosea ni ardhi yao. Mtoto akikua na imani hiyo, atapanda basi la kwanza litakalosimama pale stesheni, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Udongo wa Mtito Andei unakubali mboga. Unachokataa ni maagizo yaliyoandikwa kwa ajili ya udongo mwingine.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwanza, waandishi na wachapishaji wa vitabu vya kilimo waache kueleza tuta kana kwamba Kenya nzima ina hali moja ya hewa. Waliweke jaruba kando yake, kwa mchoro na kwa vipimo, na waeleze lipi lafaa wapi. Pili, walimu waitumie fursa iliyopo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, wamtaka mwanafunzi atende na si kukariri tu, na vyama vya 4K vilifufuliwa rasmi mwaka 2021. Shule ijenge tuta moja na jaruba moja, za ukubwa sawa, zipewe maji sawa, na wanafunzi waandike kila siku wanayoyaona. Watakuwa wamejifunza sayansi, hisabati na Kiswahili katika uwanja mmoja. Tatu, wanafunzi wawaulize mama na nyanya zao maswali kabla ya kushika jembe.

Mama yangu bado ana jaruba lake nyuma ya jikoni. Lile tuta langu alilibomoa, na mawe yake akayatumia kuzuia kuku. Kila ninapomtembelea hunikaribisha kwa mboga, na hukumbuka kunieleza zilikotoka. Wahenga walinena kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu, yaani kwa mdudu mdogo kifuu kimoja kimejaa bahari. Kwa jaruba moja, mtungi mmoja ni bahari pia. Tuwafundishe watoto wetu kuyatunza maji hayo machache, badala ya kuwafundisha kuidharau ardhi iliyowazaa.